Dondoo muhimu: Mavazi ya asili ya Moravia

Anayetaka kuyaona mavazi ya asili ya Wacheki yakiwa yamevaliwa, si kutundikwa kwenye makumbusho, aelekee kusini-mashariki mwa Moravia, nchini Cheki.

Mwishoni mwa Mei, kijiji cha Vlčnov hufanya Msafara wa Wafalme, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2011. Mfalme ni mvulana mdogo aliyevishwa nguo za kike, riboni zimemfunika uso, waridi mdomoni. Haruhusiwi kutamka neno. Vijana wanaomsindikiza juu ya farasi hughani mashairi na kumwombea zawadi, kwa hiyo mtazamaji awe na sarafu mkononi.

Tamasha la ngoma za asili katika mji wa Strážnice, lililoanza 1946, huja mwishoni mwa Juni.

Mikono ya blauzi za mavazi haya hutiwa wanga hadi ikatuna. Kumkumbatia mvaaji kwa ajili ya picha ni kuharibu kazi ya saa nyingi.