Kukusanya na Kutunza Vipande vya Msimbo

Utangulizi

Kila mwalimu mwanafunzi afahamu faida ya kutunza zana. Kadi za herufi zilizotengenezwa vizuri mwaka huu hutumika tena mwaka ujao. Katika makala haya twapenda kuonyesha kwamba mwalimu anayeandika programu za kompyuta naye ahitaji ghala la namna hiyo, yaani mkusanyo wa vipande vifupi vya msimbo, kila kimoja na kazi yake: kutafuta wastani, kupanga majina kwa alfabeti, au kuchora jedwali katika ukurasa wa tovuti.

Wazo hili si geni. Kompyuta iitwayo EDSAC ilianza kazi mwezi Mei 1949 katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Maurice Wilkes na wenzake walihifadhi vipande vilivyokwisha kujaribiwa katika tepu za karatasi zenye matundu, kila kimoja na namba yake na maelezo yake. Mwaka 1951 Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walichapisha kitabu kuhusu utaratibu huo. Maelezo ndiyo yaliyomwezesha mtu mwingine kukitumia kipande asichokiandika yeye.

Kosa tulilolishuhudia

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo wetu mmoja alinakili kwa mwenzake kipande cha kutafuta wastani. Ndani yake ulikuwamo mstari huu:

jumla / 7

Darasa la mwenzake lilikuwa na masomo 7. Lake lilikuwa na 6. Mtoto aliyepata jumla ya alama 300, ambaye wastani wake ni 50, aliandikiwa 42.9. Mtoto huyo alijumlisha kwa mkono, akagawanya, akamwendea mwalimu na daftari lake. Akajibiwa kwamba kompyuta haikosei. Siku ya tatu ndipo kosa lilipotambuliwa, na ripoti zilikwisha kupelekwa kwa wazazi. Kompyuta ilitii ilivyoamriwa. Aliyekosa ni mwalimu, kwanza kwa kunakili asichokisoma, na pili kwa kutomsikiliza mtoto.

Katika lugha ya JavaScript, mstari ufaao ni huu:

jumla / alama.length

Hapa kompyuta yenyewe huhesabu ni alama ngapi zimo katika orodha.

Hatua za kufuata

1. Soma kila mstari kabla ya kuhifadhi. Usichoweza kumweleza mwenzako, usikitunze bado.

2. Ondoa namba zilizofichwa, kama ile 7 hapo juu.

3. Jaribu kwa mfano ambao jibu lake walijua. Alama 40, 50 na 60 zilete 50. Kisha jaribu mambo yasiyo ya kawaida. Orodha tupu italeta NaN, yaani jibu lisilo namba. Mtoto asiyefanya mtihani akiandikwa null, JavaScript itamhesabu kama aliyepata sifuri, na wastani utashuka.

4. Andika maelezo juu ya kipande: jina, kazi yake, kinachopokea, kinachotoa, mfano uliojaribiwa, tarehe, na mahali kilipotoka.

5. Angalia ruhusa. Msimbo wa mtu ni mali yake hata ukionekana wazi. Leseni ya MIT, kwa mfano, huruhusu kunakili na kubadili, mradi tangazo la haki ya mwenyewe libakizwe.

6. Hifadhi katika faili la maandishi matupu. Programu za kuandikia barua mara nyingi hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na msimbo hukataa kufanya kazi. Weka nakala ya pili mahali pengine.

Hitimisho

Ghala la vipande kumi vinavyoeleweka lafaa kuliko la mia visivyojulikana vyatoka wapi. Tukumbuke pia kwamba nyuma ya kila alama yuko mtoto, na wastani wa uongo waweza kumvunja moyo.

Zoezi

(a) Andika kipande cha kutafuta alama ya juu kabisa darasani, pamoja na maelezo yake.

(b) Mpe mwenzako akijaribu bila msaada wako. Akikwama, rekebisha maelezo.

(c) Utamjibuje mwanafunzi atakayekuambia kwamba kompyuta imekosea?