Gari Jipya au Lililotumika? Hesabu ya Uchakavu kwa Familia ya Pembezoni mwa Jiji

Mvua za masika zikianza, kati ya Machi na Mei, barabara nyingi za ndani huko Bunju na Madale katika Wilaya ya Kinondoni, au Chamazi na Toangoma katika Wilaya ya Temeke, hugeuka kuwa madimbwi na makorongo. Gari la chini hukwama au hukwaruza tumbo lake. Ndiyo maana familia nyingi zilizojenga pembezoni mwa Dar es Salaam hutamani gari lililoinuka, la aina iitwayo SUV. Swali linalofuata ni hili: linunuliwe jipya au lililotumika? Makala haya yanaonyesha jinsi hesabu na sayansi ya sekondari zinavyoweza kulijibu.

Chimbuko la magari yaliyotumika

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 swali hili halikuwa na maana kwa watu wengi. Fedha za kigeni zilikuwa haba na uagizaji ulidhibitiwa na Serikali. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje, na katika miaka iliyofuata soko la magari lilipanuka. Japani ikawa chimbuko kuu la magari yaliyotumika. Sababu mojawapo ni kwamba Wajapani, kama Watanzania, huendesha upande wa kushoto wa barabara. Kwa hiyo usukani huwa upande unaofaa.

Maana ya uchakavu

Uchakavu ni upungufu wa thamani ya kitu kadiri muda unavyopita. Kwa kawaida thamani ya gari haipungui kwa kiasi kilekile kila mwaka, bali hukaribia kupungua kwa sehemu ileile ya thamani iliyobaki. Kanuni yake ni:

T = B × (1 – k)ⁿ

ambapo T ni thamani iliyobaki, B ni bei ya kununulia, k ni kiwango cha uchakavu kwa mwaka, na n ni idadi ya miaka. Ikiwa k ni 0.2, baada ya miaka 5 gari hubaki na 0.8⁵ ya bei yake, yaani takriban 0.328. Theluthi mbili za fedha zimekwisha kuyeyuka. Hasara kubwa kuliko zote hutokea katika miaka ya mwanzo, na anayenunua gari lililotumika humwachia mwenzake hasara hiyo.

Mfano wa familia

Ichukuliwe familia ya Chamazi iliyoweka akiba ya shilingi milioni 45. Bei zinazofuata ni za kufundishia tu; msomaji aweke bei za soko la siku yake. Gari jipya linauzwa milioni 100, hivyo familia italazimika kukopa milioni 55. Mkopo utalipwa kwa miaka 5, milioni 11 kila mwaka, kwa riba ya asilimia 15 ya deni lililobaki. Gari lililotumika linauzwa milioni 40. Kila gari litakwenda kilomita 15,000 kwa mwaka. Jipya linakwenda kilomita 12 kwa lita, lililotumika kilomita 10, na lita moja ni shilingi 3,000. Matengenezo ya jipya ni milioni 1.5 kwa mwaka, ya lililotumika milioni 4.

Gharama za miaka 5, kwa mamilioni ya shilingi:

Gari jipya: uchakavu 67.2, riba 24.75, mafuta 18.75, matengenezo 7.5. Jumla 118.2.

Gari lililotumika: uchakavu 26.9, riba 0, mafuta 22.5, matengenezo 20. Jumla 69.4.

Kwa kilomita 75,000, gari jipya limegharimu takriban shilingi 1,576 kwa kila kilomita, na lililotumika shilingi 925. Tofauti ya jumla ni milioni 48.8, zaidi ya akiba yote ambayo familia ilianza nayo.

Jambo ambalo jumla huficha

Hata hivyo, jumla si jibu kamili. Gharama ya gari jipya hujulikana mapema, mwezi kwa mwezi. Gharama ya gari lililotumika huja kwa ghafla. Familia ikitoa milioni 40 hubakiwa na milioni 5, ambazo matengenezo ya kawaida yatazimaliza katika muda wa mwaka mmoja na robo. Gia ikifa mwezi wa tatu, gari litalala gereji na ada ya shule itasubiri. Kwa hiyo ni heri kununua gari la milioni 35 na kubakiza milioni 10 kuliko kumaliza akiba yote kwenye yadi.

Aidha, gari kuukuu mno si lazima liwe rahisi. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyoagizwa yakiwa na umri mkubwa, na Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka 8.

Uchunguzi wa gari lililotumika

Mnunuzi afike na fundi wake mwenyewe, na asiharakishwe. Mambo haya yachunguzwe:

1. Umri. Herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye namba ya usajili, kama vile D au E, huonyesha kipindi gari liliposajiliwa nchini, si mwaka lilipotengenezwa. Namba ya chesisi ilinganishwe na kadi.

2. Bodi. Sumaku hunata kwenye bati la chuma, lakini hainati vizuri penye puti nene. Sehemu hiyo huenda iligongwa.

3. Kutu. Chumvi huharakisha kutu kwa kurahisisha mwendo wa ioni katika maji. Gari lililokaa karibu na bahari, au lililotoka sehemu za Japani ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha theluji, likaguliwe chini.

4. Injini. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua. Moshi mweusi ni mafuta kuzidi. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji ndani yake.

5. Kilomita. Mita inaweza kurudishwa nyuma. Kanyagio na usukani vilivyolika havipatani na kilomita chache.

6. Tairi. Tarakimu nne ubavuni huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Ikumbukwe pia kwamba gari lililoinuka lina kitovu cha uzito kilicho juu. Huweza kupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona, hasa likibebeshwa mizigo juu ya paa.

Hitimisho

Bei ya kununulia ni sehemu tu ya gharama. Kwa familia yenye fedha za kiasi, gari lililotumika hushinda, kwa masharti mawili: hali yake iwe imechunguzwa, na akiba ya matengenezo iwe imetengwa kabla ya kununua.

Mazoezi

1. Kokotoa thamani ya gari la milioni 100 baada ya miaka 3, ikiwa k ni 0.2.

2. Hakiki riba ya milioni 24.75 katika mfano.

3. Matengenezo ya gari lililotumika yafikie kiasi gani kwa mwaka ndipo magari yote mawili yalingane kwa gharama?

4. Wanafunzi wakusanye bei za mafuta na spea mtaani kwao, kisha warudie hesabu yote.