Ndevu za PCOS: Jinsi Ninavyozidhibiti Bila Kuharibu Ngozi

Ndevu zangu huota kidevuni na chini ya taya. Ni nyeusi, ngumu, na nikizinyoa asubuhi, jioni kidole kinazihisi. Nina PCOS, hali ya homoni ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inampata takribani mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Wengi wetu huota nywele pale wanapoota wanaume: juu ya mdomo, kidevuni, kifuani, chini ya kitovu. Nimeishi na ndevu hizi tangu usichana, na makala haya ni kwa ajili ya dada yeyote anayejifunga mtandio hadi mdomoni ili zisionekane.

Ninalolisisitiza ni moja. Ndevu unazimaliza kwa dakika chache, lakini doa jeusi linaloachwa na utoaji mbaya hukaa miezi, na keloidi, yaani kovu lililovimba, inaweza kukaa maisha. Sisi wenye ngozi nyeusi tuipime kila njia kwa jinsi inavyoiacha ngozi.

Kwanza, hospitali

Kwenye PCOS ovari hutengeneza androjeni kupita kiasi. Wengi wetu pia tuna insulini iliyo juu, na insulini hiyo huzichochea ovari zaidi, huku ikipunguza protini inayotengenezwa na ini ambayo huishika testosteroni isizurure kwenye damu. Testosteroni iliyo huru ikifika kwenye mashina ya nywele, vinyweleo laini vya usoni, yaani malaika, hugeuka nywele nene. Unywele uliokwisha kugeuka haurudi kuwa malaika kirahisi. Ndiyo maana wembe pekee hautoshi, na dawa pekee haitoshi.

Muone daktari wa magonjwa ya wanawake. Atakuuliza kuhusu hedhi, atapima homoni na sukari, na huenda akakufanyia ultrasaundi. Kwa vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003, unahitaji mambo mawili kati ya matatu: hedhi zisizo na mpangilio, dalili za androjeni nyingi, na ovari zenye vifuko vingi. Kwa hiyo ultrasaundi ikiwa safi, bado unaweza kuwa na PCOS. Usikubali kurudishwa nyumbani kwa kipimo hicho tu ikiwa una ndevu na hedhi zinaruka.

Wahi haraka zaidi ikiwa ndevu zimeibuka ghafla ndani ya miezi michache, sauti imekuwa nzito, au nywele za utosini zinapukutika kwa kasi. Hapo daktari anapaswa kutafuta uvimbe kwenye ovari au kwenye tezi zilizo juu ya figo.

Na kama unapaka mkorogo, acha. Krimu nyingi za kujichubua huwa na steroidi kali, na steroidi zikipakwa usoni kwa muda mrefu huotesha nywele, huleta chunusi na kuifanya ngozi kuwa nyembamba.

Dawa: hesabu miezi

Dawa inayoanza mara nyingi ni vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili. Visipotosha, daktari anaweza kuongeza spironolaktoni, inayozuia androjeni kufanya kazi yake. Hii haitumiki bila uzazi wa mpango wa uhakika, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Metformini husaidia sukari na hedhi, lakini kwa ndevu mchango wake ni mdogo. Dawa yoyote ipe angalau miezi 6 kabla ya kuihukumu, maana unywele una mzunguko wake na ule ulioanza kuota zamani lazima umalize safari yake.

Ipo pia krimu ya eflonithini, dawa ileile iliyotumika kutibu malale. Hupunguza kasi ya kuota, haizing'oi nywele, na ukiiacha ndevu hurudia kasi yake ndani ya wiki 8 hivi. Mimi huku kwetu nimeulizia maduka mengi ya dawa bila kuipata.

Ninavyonyoa

Kunyoa ndiyo njia yangu ya kila siku. Unywele hauzidi kuwa mnene kwa sababu ya wembe. Hilo lilishachunguzwa kitaalamu tangu mwaka 1928. Wembe hukata juu ya ngozi, shina liko chini na halijui lolote. Ncha iliyokatwa butu ndiyo inayokwaruza kidole.

Naanza baada ya kuoga. Naweka taulo la maji ya vuguvugu kidevuni hadi nywele zilainike, kisha napaka jeli ya kunyolea isiyo na manukato. Natumia mashine yenye wembe mmoja, kwa sababu zenye nyembe nyingi huvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi, na hapo ndipo unapojikunja ndani na kuleta kipele. Sivuti ngozi. Nafuata unywele unakoelekea. Shingoni mwelekeo hubadilika, hivyo napapasa kwanza kwa kidole: upande unaoteleza ndio wa kufuata. Napitisha mara moja, nasuuza wembe, naendelea. Mwisho maji ya baridi na mafuta mepesi yasiyo na harufu.

Spiriti siweki, ndimu siweki. Ndimu ikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha weusi. Mchana napaka krimu ya kuzuia jua, kwani jua ndilo linalokoleza madoa. Wembe wangu ni wangu peke yangu: damu isiyoonekana kwa macho inatosha kuambukiza homa ya ini B, na hatari ya VVU ipo pia.

Kibano, uzi, halawa

Kibano nakitumia kwa nywele mbili tatu zilizosimama peke yake. Kung'oa kidevu kizima huvunja nywele chini ya ngozi, na vipele vyake ndivyo vinavyoacha madoa. Unywele uliojificha usiuchokonoe kwa pini, uache utoke.

Uzi ni mzuri kwa juu ya mdomo, mradi fundi wa saluni akate uzi mpya mbele yako na usiwe mtu wa keloidi. Halawa ya sukari na ndimu, wanayoisifu shangazi zetu wa Pwani, iache kwa mikono na miguu. Na kama unapaka dawa ya chunusi yenye tretinoini, usiguse uso kwa halawa wala waksi, maana ngozi hubanduka.

Ukipata fedha ya leza

Mwanga wa leza hutafuta rangi nyeusi ya unywele, lakini ngozi yetu nayo ina rangi hiyo. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza: mashine ni ya aina gani? Inayofaa zaidi ngozi nyeusi ni Nd:YAG ya nanomita 1064, ambayo mwanga wake hupita kwenda chini bila kuiunguza sana ngozi ya juu. Mashine ya IPL ina hatari kubwa ya kutuunguza. Wiki chache kabla ya kwenda, nyoa tu, using'oe, kwani leza inahitaji shina. Vikao ni vingi, kila baada ya wiki 4 hadi 6, na kwa PCOS utarudi tena baadaye kwa sababu homoni zinaendelea kuamsha mashina mapya. Nywele nyeupe hazisikii leza. Hizo hutolewa kwa umeme, shina moja moja kwa sindano nyembamba.

Na moyo je?

Watu husema mwanamke mwenye ndevu ana bahati ya fedha. Maneno hayo hayamfuti machozi binti aliyechekwa darasani. Wasiwasi na sonona huwapata wenye PCOS zaidi ya wanawake wengine, basi mwambie daktari na hilo pia. Dada Waislamu huniuliza kama kuziondoa ni dhambi. Imamu an-Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13, alisema mwanamke akiota ndevu si haramu kuziondoa, bali inapendeza aziondoe. Wapo walioona tofauti, hivyo muulize mwanachuoni unayemwamini.

Mama, binti yako akiota ndevu na hedhi zake zinapotea miezi kadhaa, usimnunulie wembe ukaishia hapo. PCOS isiyotibiwa huongeza hatari ya kisukari na ya saratani ya ukuta wa mji wa mimba. Mpeleke akapimwe sukari na homoni, na umfundishe kunyoa vizuri wakati mnasubiri dawa ifanye kazi.