Kabla ya Kujenga Ghala la Vitabu Kakontwe: Lugha Zetu Zitaandikwaje katika Katalogi?

Maktaba ya chuo ikijaa kuna njia tatu: kupunguza vitabu, kupanua jengo, au kuhamishia sehemu ya vitabu kwenye ghala lililo mbali na maktaba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata maktaba mpya mwaka 2018, kwa msaada wa China, yenye nafasi ya vitabu 800,000. Vyuo vingi havipati bahati hiyo, na ndiyo maana njia ya tatu imeenea. Katika makala haya ninaichukua Kakontwe, hapa Likasi, kama kiwanja cha zoezi. Tungetaka kujenga ghala la vitabu hapa, tungeanzia wapi? Mwanafunzi wa isimu ninajibu: katika katalogi.

Ghala linavyofanya kazi

Mfano uliofuatwa na wengi ni ghala la Chuo Kikuu cha Harvard, lililofunguliwa Southborough, Marekani, mwaka 1986. Humo vitabu havipangwi kwa somo wala kwa jina la mwandishi. Vinapangwa kwa kimo: vyenye kimo kimoja hutiwa pamoja, ili rafu zisogezwe karibu bila nafasi kupotea. Kila kitabu hubandikwa namba inayosomwa na mashine, na kompyuta hutunza mahali kilipo. Kamusi ya Kibemba yaweza kukaa kati ya kitabu cha sheria na cha kilimo. Msomaji haingii humo. Anatafuta katika katalogi, anaagiza, analetewa.

Katika maktaba ya kawaida unaweza kupita mbele ya rafu ukakuta kwa bahati kitabu ambacho hukujua kuwa kipo. Ghalani bahati hiyo haipo. Kitabu ambacho katalogi haikitaji, au inakitaja vibaya, kimepotea ingawa ni kizima.

Kiwanja chenyewe

Kakontwe ni nchi ya mawe ya chokaa. Wanajiolojia wameliita tabaka moja la mawe ya Katanga kwa jina la mahali hapa, Calcaire de Kakontwe. Mawe hayo huyeyushwa polepole na maji, na chini ya ardhi huweza kutokea mapango. Vitabu ni vizito, na rafu zikipandishwa juu, uzito wote huangukia eneo dogo la sakafu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mhandisi ni kutoboa ardhi na kujua kilicho chini.

Kisha kuna maji ya juu. Mvua yetu hunyesha tangu mwezi wa kumi na moja hivi hadi wa nne, na unyevu wake huleta ukungu kwenye karatasi. Oxford walitaka kujenga ghala lao mahali paitwapo Osney Mead. Ombi likakataliwa, hatari ya mafuriko ikiwa miongoni mwa hoja, na mwaka 2010 wakafungua ghala Swindon. Kabla ya hapo sehemu ya vitabu vyao ilitunzwa katika mgodi wa chumvi huko Cheshire. Sisi watu wa migodi tutaelewa sababu: mgodi wa chumvi ni mkavu, na hali yake ya hewa haibadilikibadiliki.

Adui wa tatu ni mchwa. Udongo wa vichuguu vyetu hutupatia matofali mazuri, lakini wenye vichuguu hula karatasi. Sakafu iwe ya zege isiyo na nyufa, rafu ziwe za chuma, zisiguse ukuta. Na kwa kuwa umeme hukatika, ghala lisitegemee mashine za baridi peke yake: kuta nene na paa pana vifanye sehemu kubwa ya kazi.

Hesabu ya mita na hesabu ya majina

Mjenzi hupima vitabu kwa mita za rafu. Tuseme kitabu cha kawaida kina unene wa sentimeta 2.5, mita moja inabeba vitabu 40. Sasa tuchukue vijitabu vya lugha zetu: katekisimu, hadithi za shule, tasnifu fupi, makaratasi ya semina yaliyopigwa taipu. Tuseme kila kimoja kina milimita 3. Mita moja inabeba 333. Mita ni ileile, lakini mwandika katalogi ana kazi zaidi ya mara nane. Bajeti ikipangwa kwa mita, vijitabu hivi vitafungwa katika sanduku moja na kuandikwa "mchanganyiko". Ndivyo lugha inavyozikwa bila mtu kuichukia.

Hata kilichoandikwa chaweza kupotea kwa jina la lugha. Orodha ya misimbo ya herufi tatu iliyozoeleka katika maktaba, ISO 639-2, inakipa Kiswahili msimbo mmoja tu, swa. Orodha pana zaidi, ISO 639-3, inatenga swh, cha pwani, na swc, Kiswahili cha Kongo. Kibemba (bem), Kilunda (lun) na Kiluba cha Katanga (lub) vimo katika orodha ya kwanza. Kisanga, lugha ya wenyeji wa eneo hili, hakina msimbo humo. Kinaangukia bnt, kapu la lugha nyingine za Kibantu. Katika orodha pana kina wake, sng. Anayebahatisha akaandika sag amekipeleka kitabu Afrika ya Kati, kwa Kisango.

Tazama pia Vocabulaire de ville de Elisabethville, andiko la André Yav la mwaka 1965, katika Kiswahili cha Katanga. Kwa kichwa chake mtu angeliweka pamoja na kamusi. Kumbe ni historia ya mji, imesimuliwa kwa upande wa watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian alilichapisha pamoja na tafsiri na uchambuzi mwaka 1990, kwa msaada wa Kalundi Mango. Andiko kama hilo likiingia ghalani kama "kamusi, swa", mtafiti wa historia ya wafanyakazi hatalifikia kamwe.

Pendekezo

Kabla ya kuhamisha kitabu chochote, kila kijitabu kiandikiwe mambo manne: lugha yake kwa msimbo wa ISO 639-3, mahali kilipoandikwa, aina yake halisi baada ya kufunguliwa na kusomwa, na mistari miwili ya yaliyomo. Mfanyakazi wa maktaba asiyejua Kisanga hawezi kuifanya kazi hii. Mwanafunzi anayekijua anaweza. Naomba walimu wetu waifikirie kama zoezi la mwaka la wanafunzi wa lugha za Kiafrika, lenye alama, tukianza na mita moja ya rafu: vijitabu 333, tukigawana. Mhandisi naye apewe idadi ya maandiko pamoja na idadi ya mita, ili gharama ya katalogi iingie katika bajeti ileile ya zege na chuma.