Jina la Goma, Maziwa ya Masisi

BINTI: Papa, nataka tupeleke fromaji yetu Ulaya. Wajapani wanauza nje hata taulo, sisi tunashindwaje?

MZEE: Ulaya hawapokei mazao ya maziwa ila kutoka nchi zilizo kwenye orodha yao, na Kongo haimo. Halafu ungewauzia kitu chao wenyewe. Hii yetu ni jibini ya mtindo wa Gouda ya Waholanzi. Mapadri Wabelgiji ndio walioianzisha milimani huku miaka ya 1970. Lakini hizo taulo tuziongee.

BINTI: Taulo tena?

MZEE: Kuna mji unaitwa Imabari, kisiwani Shikoku. Viwanda vyao vilikuwa vinakufa kwa taulo za bei rahisi kutoka nje. Mwaka 2006 wakamwita mbunifu Kashiwa Sato, akawachorea alama moja ya wote. Sasa sikiliza. Kipande cha taulo kinawekwa juu ya maji. Kisipozama ndani ya sekunde 5, alama hupati, uwe tajiri uwe maskini. Watu wanausifu mchoro. Mimi nazisifu sekunde 5.

BINTI: Ila sisi jina tunalo. Kinshasa wote wanaijua fromaji ya Goma.

MZEE: Goma! Nionyeshe malisho Goma. Kule kuna mawe ya volkano na wauzaji. Ng'ombe wanakamuliwa huku Masisi, jina linashuka mjini pamoja na bonge la fromaji, na faida inabaki hukohuko. Hata Waholanzi walichelewa. Gouda inatengenezwa na kila mtu duniani. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ukawalindia jina "Gouda Holland". Jina "Gouda" tupu lilishawaponyoka.

BINTI: Basi tusajili "Fromaji ya Masisi" kabla hawajatuwahi.

MZEE: Fromaji ipi? Mmoja anaiacha ikomae vizuri. Jirani yake anadaiwa karo ya watoto, anaiuza ingali laini. Mwingine amechuja maziwa kwa kitambaa cha jana. Mnunuzi akila mbovu mara moja, haulizi imetoka kwa nani. Anasema Masisi wameharibika.

BINTI: Na vita je, Papa? Barieri kila mahali, toka Mweso hadi Sake. Alama itafungua njia?

MZEE: Haifungui, sikudanganyi. Tangu miaka ya 1990 ng'ombe wameibwa na kuliwa sijui mara ngapi. Waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa, na ndege za hapo ndizo zilizokuwa zinabeba fromaji kwenda Kinshasa. Kwa hiyo shika kile kisichohitaji ndege: siku za kukomaa, kiasi cha chumvi, uzito, tarehe iliyopigwa kwenye ganda. Mkubaliane hayo ninyi watengenezaji, hata mkiwa kumi tu. Etiketi nzuri mtachapisha baadaye.

BINTI: Apime nani? Chama cha wafugaji?

MZEE: Wafugaji maziwa hayo wameyakamua wenyewe, watapimaje? Mpe mtu asiye na ng'ombe. Wale mama wa depo za Goma wanabonyeza kwa kidole gumba wanakwambia imelala siku ngapi. Wawili watatu kati yao wakabidhi muhuri, na walipwe kwa kila bonge walilopima, hata lile walilolikataa.