Utumbo Uliofungwa Katika Kifuko

Somo letu la afya safari hii ni juu ya ugonjwa ambao wengi wetu hatutauona kamwe. Twauandika kwa sababu dalili zake ni zile zile za utumbo ulioziba, na hizo zaweza kumpata mtu wa nyumba yoyote.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa kama mita 6. Umekunjwa tumboni, lakini una nafasi ya kujongea na kusukuma chakula. Katika ugonjwa huu utando mgumu wa nyuzinyuzi huota ukauzunguka utumbo, sehemu yake au wote, ukaubana kama mzigo uliofungwa. Habari zake ziliandikwa mwaka 1907. Mwaka 1978 madaktari wa Singapore waliandika juu ya wasichana 10 waliokuwa nao, wakauita kifukofuko, yaani kile kifuko ajifumiacho kiwavi wa hariri.

Hapo kwenye wasichana tusimame kidogo. Binti anatapika, tumbo linamsokota, kisha uvimbe unaonekana tumboni. Majirani husemaje? Twajua wasemavyo. Tena kuziba huku mara nyingi huja na kuondoka: leo analia kwa maumivu, kesho kutwa anakula ugali, na watu wa nyumbani waanza kusema anajisingizia. Kupimwa mimba hospitalini si kosa. Lakini ikionekana hana mimba, shauri lisiishie hapo, kwani uvimbe ule una sababu yake.

Mara nyingine chanzo hakijulikani, kama kwa mabinti wale. Mara nyingine ni kifua kikuu kilichoingia tumboni, maana ugonjwa huo haukai mapafuni tu. Wengine ni wagonjwa wa figo waliosafishwa damu kwa maji yatiwayo tumboni kwa miaka mingi. Hata dawa moja ya moyo, praktololi, ilileta madhara haya ikaondolewa katika matumizi ya kawaida miaka ya 1970.

Basi mtu akiumwa tumbo kwa vipindi, akatapika, tumbo likajaa, asipate choo wala kutoa upepo, msimpe haluli. Tunalisema hili kwa nguvu kwa kuwa ndilo jambo la kwanza tunalolifanya majumbani, nasi tumelifanya. Dawa ya kuharisha huulazimisha utumbo kusukuma mahali pasipo njia, nao waweza kupasuka. Asipewe chakula wala kinywaji. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Mwambieni daktari kama aliwahi kupasuliwa, kwa kuwa makovu ya upasuaji huziba utumbo mara nyingi kuliko kifuko hiki, na kama aliwahi kutibiwa kifua kikuu.

Huko hutiwa maji kwa mshipa, na mpira hupitishwa puani hadi tumboni ili kutoa yaliyojaa. Picha ya CT yaweza kukionyesha kifuko, ingawa wagonjwa wengi wamegunduliwa tumbo lilipofunguliwa. Mpasuaji hukichuna kidogo kidogo, kazi ya saa nyingi pengine, akijihadhari asiutoboe utumbo. Ukiwa bado mzima hauna haja ya kukatwa. Aliyekutwa na kifua kikuu hutoka hospitali na vidonge vyake, avimeze miezi 6 au zaidi kama alivyoagizwa, hata tumbo likiwa limetulia.