Maada na Mabadiliko Yake katika Mighani ya Fumo Liyongo

Ukitoka Garsen ukafuata Mto Tana kuelekea baharini, utafika Ozi na Kipini. Wenyeji wa huko husimulia kuwa ndiko alikozikwa Fumo Liyongo. Mighani yake, aliyoitungia utenzi Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ina vitu vinavyoshikika: mkate, tupa, minyororo na sindano. Vyote ni maada, yaani kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Elewa sifa za vitu hivi kabla ya kueleza ishara zake.

(a) Mkate wa wishwa
Saada alipeleka gerezani mkate uliofichwa tupa. Walinzi walitwaa vyakula vizuri, wakaudharau mkate wa wishwa. Wishwa ukishaokwa haurudi kuwa unga. Haya ni mabadiliko ya kikemia: kitu kipya hutokea.

(b) Minyororo
Tupa hukata minyororo kwa kuwa ni ngumu zaidi. Hata hivyo, chembe zinazodondoka bado ni chuma. Haya ni mabadiliko ya umbo tu; asili ya kitu haibadiliki.

(c) Sindano ya shaba
Usiandike kwamba shaba ilimuua Liyongo kwa kuwa ni ngumu kuliko chuma. Shaba ni laini kuliko chuma. Aliyevunja minyororo ya chuma aliuawa kwa shaba kwa sababu mwanawe alishawishiwa kwa ahadi, akamdadisi babake siri yake, kisha akamdunga kitovuni akiwa usingizini. Nguvu ya sindano hiyo imo katika usaliti.

(d) Mwili kisimani
Liyongo alikufa amepiga magoti, upinde mkononi. Watu waliogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Linganisha na (b): minyororo ilipoteza umbo ikabaki chuma, Liyongo alibaki na umbo lake ilhali uhai ulikuwa umetoka.

Swali la marudio
Eleza jinsi vitu vitatu vinavyoendeleza maudhui katika mighani ya Fumo Liyongo. (alama 6)

Mwongozo: Taja kitu, simulia tukio kwa ufupi, kisha ueleze maana yake. Wengi huishia kwenye kutaja, wakapoteza alama walizokuwa wamezikaribia. Usiwe mmoja wao.